Macho ya Mama Mkwe

Siku Khisa Wakhungu alipomkuta mama mkwe wake kwenye benchi la kliniki ya Kitale, alifanya kile ambacho Mbukusu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya: aligeuza uso akautazama ukuta. Ukutani palikuwa na picha ya baba, mama na mtoto wakitabasamu, na chini yake maneno ya kuwahimiza watu wakapimwe. Khisa aliisoma picha ile kana kwamba angeulizwa maswali juu yake.

Mama mkwe naye, Phelista wa Tongaren, alivuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, akainamia viatu vyake. Katikati yao alikaa mzee mmoja aliyekuwa akisinzia, na wala hakujua kwamba alikuwa ukuta wa pili.

Kwao, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Hawakai kiti kimoja, hawapeani mkono, hawali mmoja akimwona mwenziwe. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi ili mwingine apite. Hiyo ni heshima, na Khisa alikuwa ameishika bila kosa tangu alipomwoa Dinah. Hata kwenye mazishi ya baba mkwe alitoa pole akiwa upande wa pili wa nyumba, na watu wa Tongaren walimsifu, wakasema yule kijana wa Bungoma ana adabu. Lakini waliotunga heshima hiyo hawakuwa wamewahi kuona benchi la watu wanaongoja dawa za kupunguza makali ya virusi.

Kwa nini Kitale? Kwa sababu Bungoma dawa zilikuwepo, tena zilezile, lakini Bungoma palikuwa na watu. Khisa alikuwa afisa wa kilimo. Alijulikana sokoni, alijulikana kanisani, alijulikana hata na watoto waliochunga ng'ombe kando ya barabara. Angekaa vipi kwenye benchi la Bungoma mkulima apite na kusema, "Mulembe, afisa, na wewe uko hapa?" Ndipo akaamua kwenda mbali, mji wa watu wengine, ambako hakuna anayemjua. Phelista, kiongozi wa kina mama wa kanisa, mjane mwenye shamba zuri la mahindi, alikuwa amewaza vivyo hivyo huko kwake Tongaren. Watu wawili wenye akili moja wakakimbilia maficho mamoja.

Siku hiyo Khisa aliinuka kama mtu anayetafuta choo, akaondoka moja kwa moja hadi nyumbani. Baadaye alimwomba sista wa kliniki ambadilishie siku. Alisema Jumanne ofisini kuna mikutano, akapewa Alhamisi. Alhamisi ilipofika alitembea kifua mbele, akapinda kona ya kuingilia, na ni nani aliyekuwa kwenye benchi? Kitambaa kilekile, viatu vilevile. Phelista naye alikuwa ameomba Alhamisi.

Hapo ndipo Khisa alipoanza upumbavu wake, na mimi nauita upumbavu kwa sababu sina jina lingine la kuupa. Dawa zake zilikuwa za asubuhi na jioni. Akaanza kumeza za asubuhi tu. Chupa ikadumu muda mrefu zaidi, na safari za kwenda kwenye lile benchi zikapungua. Alipokwenda, alikwenda mchana umekwisha, watu wameondoka, akachukua chupa nyingine na kutoa visingizio. Mara nyingine hata ile ya asubuhi aliiruka, kwa kuwa alijisikia mzima, mwili umerudi, suruali zimeanza kumbana.

Na huyu ndiye mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wakulima juu ya dawa ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani! Alisimama mbele yao, pakiti ikiwa juu mkononi, akawaambia, "Ukiweka nusu ya kipimo haujaua mdudu. Umemfundisha. Msimu ujao atakula mahindi yako na hiyo dawa pamoja." Wakulima walicheka, wakapiga makofi. Khisa naye alirudi nyumbani, akamfundisha mdudu wake.

Dinah hakujua lolote. Alikuwa fundi wa sweta za shule, mashine yake ya kufumia iko sebuleni karibu na dirisha, na Khisa alimwambia kwamba safari za Kitale ni mambo ya mbegu. Kitale ni mji wa mbegu, nani angebisha? Ugonjwa wenyewe Khisa aliutoa Kapsokwony, wakati ofisi ilipompeleka mlimani akakae huko bila familia. Palikuwa na mwanamke huko, na palikuwa na baridi, na mengine hayana haja ya kuelezwa. Aliporudi na kuanza kuumwa, akapimwa kwa siri, alimwogopa Dinah kuliko alivyoogopa kifo.

Uongo mbaya zaidi aliusema siku ya kwanza pale kliniki. Mshauri, Sista Jepkosgei, mwanamke mrefu mpole aliyeongea taratibu, alimwuliza, "Uko na bibi?" Khisa alijua kwamba akisema ndiyo ataambiwa amlete.

"Alifariki," akasema.

Neno lilitoka upesi, hata yeye mwenyewe lilimshtua. Sista akampa pole. Khisa akaipokea ile pole, akainamisha kichwa kama mfiwa, na saa hiyohiyo Dinah alikuwa Bungoma akifuma mkono wa sweta ya mtoto wa mtu. Aibu ya siku hiyo haikumwacha tena. Alikuwa akila chakula cha Dinah na kuwaza, huyu nimemzika.

Mwaka wa uchaguzi, magari ya kampeni yakipita yakipiga kelele, suruali za Khisa zilianza tena kulegea. Vidonda vikaota mdomoni. Akawa anahutubia wakulima akiwa ameketi. Safari hii alirudi Kitale mapema asubuhi, bila kujali nani yuko kwenye benchi, kwa maana mtu akiogopa sana kufa hupunguza kidogo kuogopa mkwe. Alitolewa damu, damu ikapelekwa Eldoret, na majibu yaliporudi akaitwa na Daktari Gichuki.

Daktari Gichuki alikuwa kijana wa Kitale, wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri zamani. Hakupiga kelele, na hilo lilimwumiza Khisa zaidi.

"Dawa zimeshindwa," alisema. "Virusi vyako vimezizoea. Ulikuwa unameza namna gani?"

Macho ya Khisa yalikwenda ukutani.

"Wewe si ni mtu wa kilimo? Si unajua mambo ya kipimo?"

"Najua, daktari."

"Basi sitakufundisha." Alimweleza kwamba kuna kundi lingine la dawa, jipya kwao hapo Kitale. Zile za kwanza zilikuwa zinazuia kirusi kisijiandike ndani ya chembe za damu. Hizi mpya zinafanya kazi mwishoni, kirusi kikishazaa: watoto wake hutoka hawajakomaa, kama muhindi wenye maganda mazuri na ndani hakuna punje. "Zamani zilikuwa za kuwekwa kwa friji. Hizi zimekuja ngumu, hazitaki baridi. Una bahati. Lakini sikiza, Khisa. Ukiziharibu na hizi, hapa kwetu sina zingine nyuma yake. Ndiyo maana hatukupatii hivi hivi tu. Ulete mtu wa kwenu. Mtu unakaa naye, anajua hali yako, anakuona ukimeza. Bila huyo mtu, sipeani."

"Daktari, mimi naishi peke yangu."

"Hata ndugu huna?"

Ndugu alikuwa nao, lakini kumwambia ndugu ni kuwaambia Bungoma nzima. Khisa alitembea mpaka mtaa wa Matisi akiwa amechanganyikiwa, akaingia kwenye kibanda cha kinyozi mmoja anayeitwa Ngige, ambaye alizoea kumnyoa kila alipopita. Ngige alikuwa mtu wa maneno mengi na huruma nyingi. Khisa alimweleza, si yote, lakini ya kutosha, akamwomba awe ndugu yake kwa asubuhi moja tu.

"Mimi? Mbukusu?" Ngige aliangua kicheko, wembe ukiwa mkononi. "Bana, wakiniuliza kitu moja ya huko kwenu, nimeanguka."

"Sista ni Mkalenjin. Hatajua. Utaitwa Wanjala."

"Haki ya Mungu." Ngige alimtazama vizuri, akaona shingo ilivyokonda ndani ya kola, na kicheko kikaisha. "Sawa. Wanjala ni sawa. Lakini si ungesema tu kwa nyumba?"

Khisa alisema atasema. Alhamisi iliyofuata wakaenda.

Phelista alikuwa mahali pake, mwisho wa benchi, karibu kabisa na chumba cha ushauri. Khisa alipita akiutazama ukuta. Mlango wa chumba kile ulikuwa umekatika bawaba, haukufungika sawasawa, na kila aliyekaa pale nje alisikia ya ndani na kujifanya hasikii. Khisa alilijua hilo. Lakini mtu aliyezoea kugeuza uso hufikiri kwamba na masikio pia yamegeuka.

"Huyu ndiye ndugu yako?" Sista Jepkosgei aliuliza.

"Ndiye. Wanjala. Ananifuata kwa kuzaliwa."

"Karibu, Wanjala. Unakaa na yeye?"

"Nyumba moja, sista," akasema Ngige kwa moyo wote. "Sahani moja. Mimi nitamwona akimeza, mpaka achoke na mimi."

"Vizuri sana. Na tangu bibi yake afariki, nani huwa anampikia?"

Habari ya bibi kufariki Ngige hakuwa ameambiwa. Alimgeukia Khisa, macho yamemtoka. "Woi," akasema polepole. "Pole sana, aki."

Sista akamtazama huyu ndugu anayempa pole ndugu yake kwa msiba wa zamani. Kabla hajasema neno, sauti ilitoka nje, sauti ya mwanamke iliyozoea kuongoza maombi.

"Sista."

Khisa aliijua.

"Sista, mimi si mtu ya kuongea sana, rakini niulize. Huyo bibi alifariki rini? Kwa sababu jana jioni ameniongelesha kwa simu."

Kwenye benchi, hata aliyekuwa akikohoa upande wa pili alishika kikohozi chake. Sista Jepkosgei akaenda mlangoni. Phelista alikuwa amesimama, lakini ameupa mlango mgongo, uso wake umeelekea uani ambako akina mama walianika nguo za wagonjwa.

"Mama, unamjua huyu mwanaume?"

"Kwa uso simjui. Mimi siwezi kumwangalia, ni mwiko. Rakini kwa sauti ninamjua. Huyo ndiye ameoa msichana yangu Dinah. Mwambie nimemsikia akimzika mtoto yangu."

Sista alimgeukia Khisa. Khisa alikuwa na uso ukutani, ndani ya chumba, mikono imelala kando. Alitamani ule ukuta umeze mtu. Alikuwa ameona aibu nyingi tangu Kapsokwony, lakini zote zilikuwa za peke yake, za kuficha chini ya godoro pamoja na chupa. Hii ilikuwa na mashahidi. Ilimwingia mpaka kwenye meno.

Ngige aliinuka taratibu. "Sista, samahani," alinong'ona. "Mimi naitwa Ngige. Nimeacha mtu kwa kiti, nimemnyoa upande moja." Akapita kando ya Phelista kwa adabu kubwa, akatokomea.

Wakabaki watatu, na Khisa na mama mkwe wakaongea kwa mdomo wa Sista Jepkosgei, aliyesimama katikati ya mlango akipeleka macho huku na huku.

"Mwambie mama," Khisa alisema kwa ukuta, "nimekosa."

"Anasema amekosa."

"Nimesikia. Na mwambie mimi pia nimekosa." Sauti ya Phelista ilishuka. "Mimi nilimwona hapa zamani. Siku ya kwanza nilimwona. Nikasema, nikimwambia Dinah bwana yake anakuja hapa, Dinah ataniuriza: na wewe, mama, urikuwa hapa ukitafuta nini? Mimi naombea watu kanisani. Watoto yangu wanajua baba yao alikufa na kifua. Basi nikavuta kitambaa. Nikabadirisha siku. Nikasema Were, Mungu wetu, ataona mwenyewe." Alikaza fundo la kitambaa. "Dinah anakohoa. Mwurize kama anajua."

Sista hakuhitaji kuuliza. Khisa alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akimnunulia dawa ya kikohozi dukani, ile tamu ya chupa, na kumwambia ni nyuzi za sweta zinazomwingia kifuani.

"Basi mama," alisema Sista Jepkosgei, "wewe unajua hali yake. Si uwe ndiye wa kumwona akimeza?"

"Mimi?" Phelista alishtuka kwelikweli. "Nimwangalie mkwe akifungua mdomo? Hapana. Mwenye kuona mdomo yake ni bibi yake. Aende amwambie. Reo. Na mimi nitaenda nyuma yake, asipotee njia."

Walisafiri hadi Bungoma, Khisa akitangulia kwa gari moja, mama mkwe akifuata kwa jingine, na kila walipobadilisha gari kila mmoja alikaa upande wake wa barabara. Walipofika nyumbani Phelista hakuingia. Alizunguka nyuma ya jikoni, akaketi kwenye kigogo, akaelekeza uso kwenye majani ya ng'ombe.

Dinah alikuwa kwenye mashine, sweta ya rangi ya damu ya mzee ikiteremka magotini. Alikuwa mwanamke wa mwili mdogo na macho makali, asiyependa hadithi ndefu. Khisa aliketi mbele yake na kuanza kwa hadithi ndefu: mbegu, Kitale, ofisi. Dinah akasimamisha mashine.

"Khisa. Sema."

Akasema. Alisema Kapsokwony, akasema dawa, akasema nusu ya kipimo. Alisema mpaka ya Ngige, na nani aliyemkuta kwenye benchi. Kila neno alilitoa akiangalia nyuzi zilizoanguka sakafuni. La kufariki alitaka kuliruka, lakini Phelista alikohoa huko nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, na Khisa akajua hana njia.

"Niliwaambia umekufa."

Dinah hakulia. Kati ya yote aliyosikia, na yalikuwa mengi, alikamata hilo kwanza.

"Ulisema nimekufa na nini?"

"Hawakuuliza."

"Hawakuuliza." Aliikunja ile sweta vizuri, akaiweka juu ya mashine. "Na wewe hukuwaambia chochote? Hata malaria?"

Khisa angeomba apigwe. Dinah akainuka, akatoka hadi nyuma ya jikoni, akasimama mbele ya kigogo.

"Mama. Na wewe?"

"Na mimi, mwanangu."

"Ulijua yake tangu lini?"

"Tangu mahindi ya mwaka jana yakipariliwa."

"Na huo muda wote, mkikaa benchi moja, mlikuwa mnaangalia wapi?"

Phelista alisema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyekamatwa, "Viatu."

"Na wewe, Khisa?"

"Ukuta," alijibu Khisa kutoka ndani.

Dinah alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kwisha. Mmoja sebuleni na mwingine kwenye kigogo, walikisikiliza wote wawili, na hakuna aliyethubutu kwenda kumshika mgongo. Wala hakuwaita.

Alikwenda Kitale mwenyewe, akapimwa. Alikuwa navyo virusi, na kinga ya mwili ilikuwa imeshuka sana. Pauline, binti yao aliyekuwa shule ya bweni, alipimwa pia akakutwa mzima, na hiyo ndiyo asubuhi pekee Dinah alipolia. Mengine yote aliyapokea kwa macho makavu: vipimo vya kifua, mafunzo ya Sista Jepkosgei, maswali. Kwa Khisa aliongea ya lazima tu. Chakula alimpikia, akakiweka mezani, akaenda kukaa kwenye mashine.

Siku ya kupewa dawa walikwenda watatu. Phelista alikaa kwenye kiti cha mlangoni, uso chini, kama kawaida yake. Daktari Gichuki aliweka mezani chupa za Khisa, tembe kubwa nyekundu za lile kundi jipya pamoja na dawa nyingine za kuandamana nazo. Kisha akaweka chupa nyingine mbele ya Dinah. Khisa aliitambua kabla hata haijageuzwa upande wenye maandishi. Alikuwa ameificha chini ya godoro muda mrefu, angeijua hata gizani.

"Daktari," alisema, "hizo si ndizo zilishindwa?"

"Zilishindwa kwako."

"Na yeye zitamsaidia?"

Daktari alivua miwani. Alimjibu Dinah, si yeye. "Mama, utaratibu ni hivyo, kila mtu anaanza na hizi. Ziko sawa, zinaokoa watu wengi. Ukimeza vizuri, mara nyingi zinashika. Lakini sitakudanganya. Kama ulipata virusi mapema, kabla bwana yako hajaanza kuharibu dawa, zitakufaa. Kama ulivipata baadaye, huenda vilikuja tayari vimezizoea."

"Tutajuaje?"

"Tutaanza, tutakuangalia kwa karibu. Ni kungoja."

Khisa alikuwa akikumbuka. Wakati ule wa nusu ya kipimo ndio wakati aliojisikia mzima. Suruali zilikuwa zinambana, amenenepa, amechangamka, na ndipo aliporudi kwa Dinah kitandani kama bwana harusi. Dinah alifurahi siku hizo. Alimwambia, umekuwa kama zamani. Khisa aliona aibu ambayo haikuwa na mahali pa kukaa mwilini, akaisukuma chupa yake ya tembe nyekundu upande wa pili wa meza.

"Mpeni yeye hizi. Mimi nipeni zile."

"Hazibadilishwi," alisema Sista Jepkosgei.

"Nawaomba. Mimi ndiye niliziharibu."

"Zile za zamani kwako ni kama kumeza unga. Ukifa wewe, yeye hatapona kwa hiyo."

"Rudisha mkono," alisema Dinah. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha siku hiyo. Alifungua chupa nyekundu mwenyewe, akamwaga tembe kwenye kiganja cha Khisa kama alivyoelekezwa, akamimina maji kwenye kikombe cha plastiki. Akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Mimi ndiye wamesema nikuone. Meza."

Khisa, kwa mazoea, aligeuza uso.

"Hapana. Hapa. Niangalie."

Akamwangalia. Tangu alipompa uongo wa kwanza wa mbegu hakuwa amemtazama hivyo. Aliona jinsi alivyokonda chini ya macho. Dinah, bila kuondoa macho yake kwake, akasema kwa sauti ya kusikika mlangoni:

"Mama, inua uso na wewe."

"Dinah, mwanangu, hiyo ni mwiko."

"Inua. Mimi peke yangu sitoshi. Siku ambayo sitakuwako, nani atamwona?"

Daktari Gichuki alijishughulisha na miwani yake. Kisha kiti cha mlangoni kikalia, na Phelista akakisukuma kitambaa nyuma, akainua kichwa, akamtazama mkwe wake usoni. Khisa aliyaona macho yale kwa mara ya kwanza. Yalikuwa ya Dinah kabisa, yalivyo makali, ila yamezeeka na yamejaa machozi.

Alifungua mdomo mbele yao wote wawili. Tembe zilikuwa kubwa, zilikwama, akameza tena, maji yakamtiririka kidevuni. Hakuthubutu kuyafuta.

"Fungua tena," alisema Dinah. "Nione kama zimeshuka."

Akafungua. Dinah aliinama, akachungulia ndani ya mdomo wake kwa makini, juu na chini ya ulimi. Aliporidhika alichukua kikombe kilekile chenye maji yaliyobaki, akafungua chupa yake ya zamani, akameza.